Gari inapiga mluzi asubuhi: kuijua na kuibadilisha gasketi ya manifodi

Kwa miezi mitatu IST yangu ilipiga mluzi kila asubuhi. Mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Unaanza injini ikiwaka tu na unafifia ikishapata moto. Nikikwama kwenye foleni ya Darajani na AC imewashwa, gari inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza na simwoni aliye nyuma yangu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema ni koili, nikanunua mbili. Wa tatu alisafisha sroto bodi, ule mlango wa kupitishia hewa ya injini, akachukua ujira wake, akaniambia nizoee tu, gari imeshakula umri. Mluzi ukabaki pale pale.

Aliyeipata ni jirani yetu hapa Bububu, mzee aliyeshika spana tangu enzi za kabureta na sasa amestaafu, siku nzima yuko barazani.

"Shikamoo, ami. Gari hii imenichosha."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaisikiliza, au unainunulia tu?"

Akaitisha kipande cha mpira wa kumwagilia, urefu wa mkono mmoja. Ncha moja akaitia sikioni, ya pili akaipitisha taratibu pale manifodi, ile mikono inayoingiza hewa, inapokutana na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, injini ikiwa inanguruma. Alipofika silinda ya tatu akasita, akarudi nyuma kidogo, kisha akanipa mpira nisikilize mwenyewe. Ilikuwa kama mtu anafyonza chai ya moto kutoka kwenye kisahani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kusikiliza, na kufungua kunakuja baadaye. Gasketi yenyewe, kizibo chembamba cha kuzuia hewa isipenye kwenye kiungo hicho, ni ya bei ndogo. Pesa yangu ililiwa na vyote nilivyobadilisha kabla ya kuifikia.

Kitu chenyewe

Fungua boneti. Ile mikono ya plastiki nyeusi, iliyojikunja kama pembe za ng'ombe, inayotoka upande wa sroto bodi na kuingia kwenye silinda hedi, ndiyo manifodi ya hewa. Kwenye gari nyengine ni ya alumini. Usiichanganye na manifodi ya ekzosi, ambayo ni ya chuma na inaunguza. Baina ya manifodi ya hewa na hedi ndipo gasketi inapokaa. Gari za zamani zilikuwa na gasketi ya karatasi ngumu au ya bati. Nyingi za sasa zina mpira mwembamba unaolala ndani ya mfereji uliochongwa kwenye plastiki, na kila tundu la silinda limezungushiwa ukingo wake.

Sroto ikiwa karibu imefungwa na huku pistoni zinavuta, presha ndani ya manifodi hushuka hadi kPa 30 au 40 hivi. Nje, kwa sisi tulio usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa kPa 101. Kwa hiyo gari ikiwa imesimama kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, hewa ya nje inatafuta mwanya wa kuingia muda wote. Mpira ukikaa miaka kwenye joto na mvuke wa oili hukauka, ukajibana na usirudi tena unene wake. Asubuhi, plastiki na alumini zikiwa zimepoa, mwanya unakuwa mpana kidogo na mluzi unasikika. Vikitanuka kwa moto mwanya unajifunga. Ndiyo maana ukimpelekea fundi gari saa sita mchana anakuona kama unazua.

Sasa, kompyuta ya gari inapima hewa inayopita kwenye eyafloo, ile sensa iliyo baada ya chujio la hewa, na kwa hesabu hiyo inaamua petroli kiasi gani imwagwe: kwa uzani, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Hewa inayopenya kwenye gasketi ni ya magendo. Haikupita forodhani, kama karafuu za Pemba zinazovushwa usiku, na kompyuta haina habari nayo mpaka oksijeni sensa kule kwenye ekzosi ipige kelele kwamba hewa imezidi. Hapo kompyuta inaanza kuongeza petroli kwa kubahatisha, na ikishindwa inakuwashia taa ya injini. Namba utakayoikuta ni P0171, maana yake mchanganyiko una petroli kidogo. Kwenye injini za V, zenye safu mbili za silinda, upande wa pili huwa na yake, P0174. Silinda iliyo karibu na mwanya inaweza pia kumisi, yaani kukosa kuwaka, ukapata P0300 au mojawapo ya P0301 hadi P0304.

Kuna gari zisizo na eyafloo, zinapima presha ya ndani ya manifodi. Hizo zina tabia nyengine: sensa inaona presha imepanda, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, inaongeza petroli, na sailensi inapanda juu badala ya gari kutetemeka. Ukiona mshale wa mzunguko unakaa 1,200 wakati zamani ulikaa 700, ndio huo ugonjwa kwa sura nyengine.

Hakikisha kabla hujafungua

Anza na vitu vya bure. Manifodi ina mipira kadhaa iliyochomekwa: mmoja mnene unakwenda kwenye sevo ya breki, inayolainisha kanyagio, mwengine unatoka juu ya injini kuvuta mvuke wa oili, na midogo midogo mengine. Uminye kila mmoja kwa vidole, uupinde, uangalie pale unapoingia kwenye mdomo wake, maana hapo ndipo unapopasuka. Hewa yetu ya chumvi na joto haviupendi mpira, na kwa waliolaza gari karibu na jaa, panya nao hawana dini. Breki zikiwa ngumu na ukikanyaga unasikia msss miguuni, uangalie mpira wa sevo kwanza. Mpira uliopasuka unatoa dalili zile zile za gasketi, na unabadilishwa kwa dakika kumi.

Kisha fanya mtihani wa ami: mpira sikioni, asubuhi, injini baridi. Nguo zisiwe na mikono mirefu inayoning'inia, wala kanzu, na jiweke mbali na mikanda na feni, kwani feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe.

Mafundi wengi hupuliza kabu klina, dawa ya kusafishia kabureta, kwenye kiungo na kusubiri sailensi ibadilike. Inafanya kazi, lakini ile dawa inashika moto, na nimeona ikipulizwa sentimita chache kutoka ekzosi iliyo nyekundu. Mimi natumia maji, kwenye chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye mstari wa gasketi, silinda moja baada ya nyengine, ukiepuka koili na jenereta ya kuchajia. Maji yakifika kwenye mwanya yanafyonzwa, mluzi unakatika kwa sekunde moja mbili au injini inabadilisha sauti. Tia alama kwa chaki.

Ukiwa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kuungana na simu, kazi inakuwa nyepesi zaidi, ingawa gari nyengine za Japani za mwanzo wa miaka ya 2000 hukataa kuzungumza nacho. Tafuta kwenye orodha namba zilizoandikwa STFT na LTFT. Hizo ni asilimia za petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Baina ya −10 na +10 ni maisha ya kawaida. Yangu ilikuwa +23 kwenye sailensi. Nikapandisha injini hadi mzunguko 2,500 na kuishikilia, ikashuka hadi +6. Huo mteremko ndio ushahidi: injini ikizunguka sana inavuta hewa nyingi halali, na ile ya magendo inakuwa si kitu mbele yake. Namba ikibaki juu hata ukikanyaga, achana na gasketi. Tafuta pampu ya petroli, chujio, au eyafloo chafu. Ningelijua hili mapema, zile koili mbili zingebaki dukani.

Spea mkononi kwanza

Usifungue chochote kabla gasketi haijafika nyumbani. Kwetu visiwani hili lina uzito wake, kwa sababu usipoipata mjini itabidi iletwe na boti kutoka Dar, na kama uko Wete au Micheweni ongeza siku nyengine juu yake. Gari iliyofunuliwa barazani siku nne wakati wa masika ni mtihani.

Nenda dukani na namba ya chesisi iliyopo kwenye kibati, usiende na jina la gari peke yake. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ-FE, ya lita 1.3, NCP61 ina 1NZ-FE, ya lita 1.5. Muuzaji akikwambia "za IST zote moja", mwombe aangalie kwa namba. Ukishaipata, ikunje mkononi: mpira mzuri unarudi mara moja na hauachi mstari. Chukua na gasketi ya sroto bodi, na kama nozo zako, zile zinazomwaga petroli, zimechomekwa kwenye manifodi yenyewe, chukua na ringi zake za mpira. Ukishazichomoa nozo, ringi za zamani hazirudishwi.

Wenye Wish au Premio za lita 1.8 zenye injini ya 1ZZ-FE, gasketi hii ni ugonjwa wenu unaojulikana, iwekeni kwenye orodha mapema. Wenye Noah za D-4 nawashauri jambo jengine. Injini ile inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, haipiti kwenye njia ya hewa kuisafisha, kwa hiyo ukifungua manifodi utakuta masizi mazito kama ya chungu cha kuni. Kazi yake inaanzia kwenye kusafisha, na mabomba yake ya petroli si ya kuchezewa nyumbani. Mpelekee fundi anayeijua.

Kufungua

Injini iwe baridi kabisa. Mimi nilianza baada ya swala ya alfajiri, Jumamosi. Ijumaa usianze, saa sita itakukuta na manifodi mkononi.

Vifaa: soketi za 10, 12 na 14 na mkono wake mrefu, koleo la kubana klipu, bisibisi, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), breki klina, vitambaa visivyotoa nyuzi, simu ya kupigia picha. Usiku wa kuamkia siku hiyo pulizia bolti zote mafuta ya kulainisha kutu, khasa kama gari inaishi Nungwi, Paje au popote inapopigwa na upepo wa bahari. Bolti ya chuma iliyoingia kwenye alumini ikapata chumvi inashikana kwa unga mweupe, na ukiilazimisha inakatika ndani ya hedi. Hapo umeshahama kutoka kazi ya asubuhi moja kwenda kwa mtu wa kutoboa na kukata rezi.

Toa presha ya petroli. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini, iache ijizimie yenyewe, jaribu kuwasha tena mara moja. Presha ya kawaida kwenye reli, bomba linalogawia nozo petroli, ni takriban bar 3, inatosha kukurushia petroli machoni. Kisha toa tamino hasi ya betri.

Sasa ondoa boksi la chujio la hewa na bomba lake. Piga picha kila kitu kabla ya kukichomoa, na kwenye mipira miwili inayofanana tia alama ya rangi ya kucha. Iombe ndani ya nyumba, hutaikosa. Chomoa plagi za sensa kwa kubonyeza kiulimi chake, usivute waya, maana plastiki ya miaka kumi na tano inavunjika kama kaki. Gari nyingi zina mipira miwili midogo inayopitisha maji ya rejeta kwenye sroto bodi. Ibane kwa klipu au izibe kwa bolti ya kipimo chake mara tu ukiichomoa. Sroto bodi yenyewe unaweza kuiacha ikiwa imefungwa kwenye manifodi, au uitoe ukaisafishe. Ukiitoa, usikisukume kwa kidole kile kisahani cha ndani kinachofungua na kufunga hewa. Sroto nyingi za sasa zinaendeshwa kwa mota na zinaharibika.

Angalia nozo zimekaa wapi. Kama ziko kwenye hedi, reli ya petroli inaweza kubaki mahali pake. Kama ziko kwenye manifodi, fungua bolti za reli na uinyanyue yote pamoja na nozo zake, ukiweka kitambaa chini kunasa petroli iliyobaki.

Tafuta pia bolti ya chini. Manifodi nyingi zina braketi inayoishika kutoka chini, pahala pasipoonekana, na watu wamevunja plastiki kwa kuivuta huku bolti hiyo bado imekaza. Ukivuta na haiji, usizidishe nguvu. Pitisha mkono, utaikuta.

Bolti zinazoishika manifodi kwenye hedi zilegeze kuanzia za nje kuja za kati, nusu mzunguko kila moja, kisha zitoe. Manifodi itoke kwa kutikiswa taratibu.

Mara tu ikitoka, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi. Vihesabu. Mimi nilitia vinne, nikaandika "4" kwa chaki kwenye boneti, na nilipomaliza nikatoa vinne. Nati moja ikiingia humo ndani na injini ikawashwa, valvu zitaisaga na pistoni itaimalizia.

Kilichokuwa ndani

Nilipoigeuza manifodi yangu, gasketi haikuwa tena mpira. Niliichokoa kwa ukucha, na badala ya kunyumbuka ikakatika vipande vitatu, tk tk tk, kama ganda la udi. Ukingo wa silinda ya kwanza na ya pili ulikuwa bado una mgongo wa duara. Wa silinda ya tatu ulikuwa bapa, na kwenye plastiki kando yake kulikuwa na mstari mwembamba wa vumbi la kahawia, upana wa njiti ya kiberiti, ukielekea ndani. Vumbi lile liliingizwa na hewa ile niliyoisikia kwenye mpira wa ami. Nilimwita akaja kuangalia, akatikisa kichwa, akaomba chai.

Kusafisha ndiko kunakoamua kama utairudia kazi hii. Uso wa hedi ni alumini, hautaki bisibisi wala msasa. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda kukwangua, kisha kitambaa chenye breki klina, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mfereji wa gasketi kwenye manifodi upitie kwa kijiti cha masikio hadi kona zake. Kisha laza rula ya chuma juu ya uso wa manifodi na uangalie mwanga unaopita chini yake. Kama una fila, vile vibati vya kupimia mwanya, ile ya 0.2 mm ikipita kwa urahisi anza kuitilia shaka manifodi yenyewe. Plastiki iliyopinda haitibiwi kwa gasketi mpya. Angalia na nyufa, khasa kwenye miguu ya bolti.

Na silikoni iache kwenye tyubu yake. Gasketi ya mpira inafungwa kavu. Silikoni inaufanya mpira uteleze kutoka kwenye mfereji wakati wa kukaza, inayobanwa kwenda ndani inaingia kwenye njia ya hewa, na aina nyengine zinaiua oksijeni sensa. Kwenye baadhi ya injini za V kitabu kinataka tone dogo kwenye kona. Fuata kitabu hapo, na usizidishe. Injini hizo za V nyengine hupitisha hata maji ya rejeta ndani ya gasketi hiyo hiyo, na ikivuja maji yanaweza kuonekana kwenye oili. Hizo ni habari za siku nyengine.

Kufunga

Ingiza gasketi mpya kwenye mfereji kwa vidole, ukizunguka kote, uhakikishe haikujipinda popote na masikio yake madogo yamekaa kwenye nafasi zake. Toa vitambaa, uvihesabu. Rudisha manifodi, na kila bolti uianze kwa mkono angalau mizunguko mitatu kabla ya kuchukua soketi. Bolti isiyokubali mkono usiilazimishe kwa chuma.

Kaza kuanzia za kati kwenda nje, kwa kupishana, kwa awamu mbili au tatu. Kipimo cha mwisho kinatoka kwenye kitabu cha injini yako. Manifodi za plastiki nyingi huwa baina ya N·m 10 na 30, nguvu ambayo mkono wa fundi aliyezoea nati za magurudumu unaipita bila kujijua. Toki renchi ukikosa, azima, wenye gereji wanazo. Ukikaza kupita kiasi unaipinda plastiki na kuzalisha mwanya mwengine kwenye silinda ya pembeni.

Mengine ni kurudi kwa picha zako. Rudisha braketi ya chini, ndiyo inayosahaulika.

Kuwasha

Rudisha fyuzi na betri. Fungua swichi bila kuwasha injini, subiri sekunde chache, funga, rudia mara tatu. Pampu inajaza reli. Angalia na unuse: petroli ikivuja popote, simama hapo hapo. Kisha washa.

Usishtuke sailensi ikiwa juu au ikiyumba dakika za mwanzo. Kompyuta imesahau ilichojifunza na inaanza upya. Iache ipate moto, ongeza maji ya rejeta kama yamepungua, halafu endesha. Mimi nilikwenda mpaka Mkokotoni na kurudi, kwa mwendo wa kuchanganya. Jioni nikachomeka kile kifaa: +3 kwenye sailensi, +2 kwenye 2,500. Asubuhi yake nikasikiliza, na nilichosikia ni jogoo wa jirani.

Kama kutoa betri hakukufuta taa ya injini, ifute kwa kifaa na uone kama itarudi ndani ya siku chache. Bolti za manifodi ya plastiki usizikaze tena injini ikiwa moto. Na vipande vya gasketi ya zamani viweke kwenye mfuko mpaka wiki ipite: kama uliyouziwa si yake, ndivyo utakavyorudi navyo dukani kulinganisha.